Kaspar wa Siku Kumi na Moja

Ilikuwa saa nane na dakika kumi na saba mchana, siku ya Ijumaa, katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Safa, Jeddah, pale mwanamke wa Murang'a aliyekuwa akiosha vikombe aliponiuliza swali ambalo mimi, baada ya miaka mingi ya kusoma karatasi za watu, sikuwahi kujiuliza. Naijua dakika hiyo kwa sababu niliiandika pembeni ya daftari. Ninyi vijana mnaonijia hapa Lushoto na simu zenu, mkitaka niwafundishe kufuatilia nasaba, shikeni hilo kwanza: andikeni saa. Kumbukumbu hupenda kujisogeza taratibu ili mwenyewe aonekane mwerevu. Saa iliyoandikwa haisogei.

Kazi hii sikuisomea. Nilimaliza darasa la saba, nikaajiriwa kubeba majalada katika masijala ya ardhi huko Tanga. Ndani ya masijala ile kulikuwa na chumba cha nyuma chenye makaratasi ya enzi za Wajerumani: ramani za mashamba ya mkonge, hati za viwanja, barua za mabwana shamba. Hakuna aliyeweza kuyasoma isipokuwa Mzee Shemboza, karani mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye naye alifundishwa na muuguzi mmoja mzee wa Kijerumani katika hospitali ya misheni. Mwandiko wao wa zamani si huu mnaouona kwenye vitabu. Herufi *e* inafanana na *n*. Herufi *u* huvaa kikofia kidogo juu ya kichwa. Ukiutazama ukurasa mzima bila kuuzoea, unaona nyasi zilizolazwa na upepo.

"Usisome neno," Mzee Shemboza aliniambia siku ya kwanza. "Soma mkono. Huyu aliyeandika alikuwa na haraka? Alikuwa mzee? Alikuwa na baridi? Ukishamjua yeye, maneno yake yatakuja yenyewe."

"Na yasipokuja?"

"Utaandika kwamba hayakuja. Uliyoyakosa nayo ni kazi, mwanangu. Usiyatupe."

Kwa miezi mitatu aliniandikisha majina ya miezi tu, kwa sababu kila hati ina tarehe, na tarehe ndiyo mlango. Kutoka kwenye miezi nilipata herufi kumi na tisa. Nyingine nilizipata kwenye majina ya watu. Fanyeni hivyohivyo hata leo. Kila mwandishi mtengenezeeni ukurasa wake wa alfabeti, mkinakili herufi zake mwenyewe, kwa sababu *k* ya kasisi huyu si *k* ya kasisi aliyemrithi.

Mzee Shemboza alifariki. Ofisi ikahamishiwa jengo jipya, na chumba cha nyuma kikafungwa kwa kufuli. Nami nikaona ujuzi wangu umebaki kama ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.

Ndipo ikaja miaka ile ya elfu mbili na kumi, wakati kila mtaa ulikuwa na wakala anayepeleka watu Saudia. Wanawake walikwenda kufanya kazi za nyumbani, wanaume udereva na ulinzi. Wakala wangu aliniuliza ninajua nini. Nikamwambia ninajua kupanga majalada na kusoma Kijerumani cha zamani. Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mzee," akasema, "kule wanataka mtu wa kuendesha gari." Lakini kampuni moja ya ujenzi ya Riyadh ilikuwa inatafuta mtunza nyaraka, na karatasi za majengo ni karatasi kama nyingine. Nikapata ikama, yaani kibali cha ukaazi, nikapata kitanda katika chumba cha watu sita mtaa wa Al-Naseem, nikaanza.

Mkuu wa idara yetu alikuwa mhandisi wa Kimarekani, Mista Wendell, mtu mrefu aliyekula karoti mbichi mezani kama sungura. Juu ya meza yake alikuwa ameweka picha ya ukurasa mmoja wa zamani ndani ya fremu. Nilidhani ni pambo. Siku moja nilipompelekea michoro, macho yangu yakaangukia ukurasa ule, na kabla sijajizuia nikasema, "Hapa pameandikwa *mjane*."

Aliacha kutafuna. "Unaweza kusoma hicho?"

"Siwezi kukisoma chote. Mwandishi huyu alikuwa mzee."

Tangu siku hiyo nikawa na kazi mbili. Ya kwanza ilinipa mshahara. Ya pili hainitoki kichwani hadi leo, na ndiyo ninayowasimulia.

Habari ilikuwa hivi. Mista Wendell alikuwa na mama yake huko Marekani, bibi wa miaka tisini. Ukoo wa bibi huyo ulianzia kwa mtu mmoja, Johann Kaspar Heidler, aliyevuka bahari kutoka Ujerumani kabla Marekani haijawa nchi yenye bendera, akafyeka msitu, akajenga nyumba ya magogo, akazaa. Jiwe lake la kaburi lipo hadi leo. Limeandikwa jina, umri na maneno mawili: *kutoka Ujerumani*. Basi. Kijiji hakikutajwa. Bibi yule alikuwa ameutazama mwandiko wa jiwe lile tangu utotoni, na sasa alitaka kitu kimoja kabla hajafa: kufika katika kanisa alimobatizwa Kaspar na kuweka mkono wake juu ya birika la mawe la kubatizia. Makanisa mengi ya kule bado yana mabirika yaleyale. Lakini Ujerumani ina vijiji vingi kuliko nyota za Lushoto, na bibi alikuwa na nguvu za safari moja tu.

Binamu zake huko Marekani walikuwa wamekusanya picha za daftari za ubatizo, ndoa na mazishi za vijiji vingi, maelfu ya kurasa, zote ndani ya flashi. Hawakuweza kuzisoma. Mista Wendell aliniwekea kompyuta yenye kioo kikubwa katika chumba cha stoo, akaniruhusu kukaa humo baada ya kazi na siku za mapumziko. Aliniuliza nataka malipo gani. Nikamwambia nataka kiti chenye mgongo.

Siwezi kuwaeleza vizuri miezi ile ilivyokuwa. Riyadh kuna siku vumbi huja likafuta majengo, jua likawa sahani ya shaba, na mtu akitoka dukani huoni anakoelekea. Siku kama hizo nilikuwa ndani ya stoo nikitembea kwenye theluji. Nilijua nyumba ya mhunzi ilikuwa wapi, nani alioa mara tatu, ni majira gani ya baridi yaliyoua watoto wengi. Kasisi mmoja alikuwa na mazoea ya kuandika hali ya hewa pembeni ya mazishi: *barafu nene, jembe halikuingia*. Nilikuwa nikisoma hayo huku kiyoyozi kikivuja ndani ya ndoo. Nikilala niliota nikiwauliza watu wa kijiji wanionyeshe kwa Heidler, nao walinijibu kwa Kisambaa, bila mshangao wowote, na kuninyooshea kidole kwenye ukungu.

Makosa nilifanya, na mengine yanachekesha. Waandishi wale walikuwa na desturi ya kuandika Septemba kwa tarakimu ya 7 na herufi chache nyuma yake, kwa sababu katika hesabu ya Warumi wa kale Septemba ulikuwa mwezi wa saba. Mimi nikausoma Julai. Kwa kosa hilo nilimzika fundi cherehani mmoja miezi miwili kabla hajafa, na mke wake nikamwoza kwa mwingine huku mume yupo. Nilipogundua nilicheka peke yangu. Mtu ambaye saa saba yake ni saa moja ya wenzake alipaswa kushtuka mapema.

Msimamizi wetu Msaudi, Abu Fahd, alinipa jina: Abu Waraq, baba wa karatasi. Alikuwa akipita stoo na glasi ya chai, anasimama, anatikisa kichwa.

"Abu Waraq, huyu Mmarekani ana kompyuta, ana ndege, na babu yake wa saba mafi?"

"Mafi, bosi, hayupo bado. Tunamtafuta."

"Mimi mababa kumi na watano wamo humu." Akagonga paji la uso. Akawataja, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya mtu anayeteremka ngazi gizani akiijua. Kwenye wa tisa akasahau. Hakuruka, alirudi mwanzo kabisa akaanza upya, na safari ile akapita. Nikaandika hilo pia. Ukipotea kwenye nasaba, usirukie mbele. Rudi kwenye jina la mwisho lenye uhakika, uanze tena kutoka hapo.

Sasa nifike kwenye kosa lisilochekesha.

Kati ya vijiji vyote nilivyosoma, viwili tu vilikuwa na Johann Kaspar Heidler wa umri unaokaribiana na ule wa jiwe la kaburi. Majina yenyewe ya vijiji siwatajii, maana yana wenyewe. Nitaviita kijiji cha mlimani na kijiji cha kinu. Cha mlimani kilikuwa maskini. Baba wa Kaspar wa huko alikuwa mchunga ng'ombe wa kijiji, kazi ya chini kabisa. Cha kinu kilikuwa bondeni, na baba wa Kaspar wa huko alikuwa na kinu cha maji cha kusagia ngano, mtu mwenye heshima na viatu.

Nilianza na wa mlimani. Nikaupata ubatizo wake. Nikafungua daftari la mazishi, kama nilivyofundishwa, na siku kumi na moja baadaye nikamkuta. *Mtoto mchanga wa mchunga ng'ombe, Johann Kaspar.* Mstari mmoja.

Hapa lazima niwaambie kitu cha nyumbani kwetu. Kabla yangu mama yangu alizaa mtoto wa kiume akaitwa Rashidi. Hakufika siku arobaini. Bibi yangu alikuwa na imani kwamba jina la mtoto aliyekufa hulazwa pamoja naye, na anayelitaja tena anamwamsha. Kwetu hakuna Rashidi mwingine aliyezaliwa, si kwa mama wala kwa mama wadogo. Jina lile nililisikia mara moja tu, kwa bahati mbaya, nikiwa mkubwa. Basi nilipomwona Kaspar wa siku kumi na moja nilifanya nilivyolelewa. Niliinamisha kichwa kidogo, nikafunga ukurasa taratibu, nikaandika katika daftari langu: *Mlimani. Amekufa mchanga. Pamefungwa.* Nikapiga mstari.

Nikahamia kwenye kinu, na Kaspar wa huko hakuwa amekufa mchanga. Nilimfuata mpaka alipofika umri wa kujifunza dini, miaka kumi na minne. Umri wake uliachana na ule wa jiwe kwa miaka miwili tu, na mawe ya kaburi hukosea. Nikasema halas, imekwisha, ni yeye.

Palikuwa na jambo moja lililonisumbua kama mchanga ndani ya kiatu. Kule Marekani, Kaspar alipombatiza binti yake wa kwanza, msimamizi wa ubatizo alikuwa dada yake, na daftari lilimtaja: Apollonia. Kwa mwenye kinu sikumpata Apollonia yeyote. Nilijiambia labda alibatizwa kijiji jirani. Angalieni neno hilo *labda*. Mkiliona kwenye daftari lenu, acheni kila kitu mlirudie.

Kampuni ilipopata mradi wa Jeddah tulihamishwa. Mista Wendell na mkewe wakapanga nyumba Al-Safa. Mimi nikapata chumba Al-Mahjar, kusini, juu ya fundi wa majokofu. Jeddah ni mji wa jasho na mwanga mweupe. Asubuhi hewa yake ni nzito hivi kwamba taa za barabarani huwa na duara la ukungu, na mtu aliyezoea kuishi kwenye kurasa huweza kudhani ni kijiji cha bondeni alfajiri. Huko nikaandika majibu yangu kwa mwandiko safi, mti wa ukoo mzima kwenye karatasi moja kubwa, na chini kabisa, kwenye mzizi, jina la kijiji cha kinu.

Furaha ya watu wale iliniogopesha kidogo. Bibi alikatiwa tiketi. Chumba kilikodishwa kwenye nyumba ya wageni pale bondeni. Na madam, mke wa Mista Wendell, akapata picha ya kile kinu, maana bado kipo, akaipeleka kwa wapiga chapa wa mjini ikachapwa kwenye vikombe arobaini na viwili, kimoja kwa kila jamaa atakayefika kumsindikiza bibi. Vilikuwa vikombe vizuri. Gurudumu la kinu la rangi ya buluu, maji yanaanguka, na jina Heidler limepinda juu yake kama upinde wa mvua.

Ijumaa hiyo zilibaki siku tisa bibi apande ndege. Nilitoka msikitini, nikaenda Al-Safa kukabidhi karatasi kubwa. Mista Wendell alikuwa amelala. Madam alikuwa sebuleni, mlango wazi, akikata karatasi za kufungia. Mimi nilikaa meza ya jikoni na kompyuta yangu ndogo na daftari, nikisubiri, na Wanjiru alikuwa kwenye sinki akiosha vikombe vilivyokuja na unga wa maboksi.

Wanjiru ndiye aliyefanya kazi za nyumba ile. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mchangamfu, na hakuwahi kuacha kunichokoza kwa Kiswahili changu.

"Mwalimu, utakunywa chai?"

"Naomba, dada, kama haitakuwa usumbufu."

"Aki nyinyi wa Tanzania. Hata chai mnaiombea barua." Akaniwekea kikombe cha kinu. "Onja na hii, tuone kama inavuja."

Alifuta mikono, akaja kutazama karatasi kubwa. Aliuona mti, akausifu. Kisha akaliona daftari, ambalo siku zote ninaliandika kwa Kiswahili, na mwenzangu yeyote wa pwani au bara ya kwetu angeweza kulisoma.

"Na huyu wa mlimani mbona umemkata?"

"Alikufa. Siku kumi na moja."

"Pole yake." Akaweka kidole kwenye mstari niliopiga. "Na mwenye alizaliwa baada yake, alipewa jina gani?"

Hiyo ndiyo saa nane na dakika kumi na saba.

"Baada yake sikutazama," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mtoto alikufa, dada. Jina limekwenda naye."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mzee aliyevaa kanzu kinyume. "Limeenda wapi? Kwetu jina si ya mtoto. Ni ya guka, babu. Mtoto akienda, guka bado anadai jina yake. Mamangu alizaa akina Kamau wawili. Wa kwanza hakumaliza mwezi. Wa pili ndiye yule kila wiki ananipigia simu nimtumie pesa ya kurekebisha pikipiki."

Nilisikia kwa mbali mkasi wa madam. Nikachomeka flashi. Mikono yangu ilikuwa imetulia kabisa, nakumbuka, kama mikono ya mtu mwingine. Nikafungua daftari la ubatizo la mlimani, pale nilipoliacha siku ile Riyadh, nikaendelea mbele. Mwaka mmoja, hakuna. Mwaka wa pili, mchunga ng'ombe amepata binti. Jina lake Apollonia. Nikaweka kikombe chini. Mwaka wa nne, mwandiko uleule wa kasisi mzee, *k* yenye mkia mrefu: *Johann Kaspar, mwana wa mchunga ng'ombe.* Msimamizi wa ubatizo alikuwa Kaspar, jirani, yuleyule aliyemsimamia mtoto wa kwanza. Kwao halikuwa jina la babu, lilikuwa la msimamizi, lakini lilidaiwa vilevile. Na pembeni, kwa wino mwingine na mkono wa kijana, kasisi wa baadaye ameongeza mstari: *amekwenda Nchi Mpya pamoja na mama yake mjane na dada yake.*

Mjane. Neno la kwanza nililolisoma mezani kwa Mista Wendell.

"Umempata?" Wanjiru aliuliza.

"Alikuwa hapa muda wote. Kurasa tatu mbele."

Nilifanya jambo la mwisho ambalo nilipaswa kulifanya miezi sita nyuma. Nilifungua mazishi ya kijiji cha kinu nikaenda mbele, mbali, miaka hamsini na zaidi, hadi macho yakauma. Kaspar wa kinu alikuwapo. Alikufa kitandani kwake, ndani ya kinu chake, mzee wa miaka sabini na moja, ameacha wajukuu. Hakuwahi kuvuka hata mto wa pili.

Wanjiru alitazama boksi la vikombe. Alitazama mlango wa sebule, akashusha sauti.

"Sasa si unyamaze tu? Shosho wa watu ana miaka tisini. Ataguza jiwe, atalia, atarudi nyumbani. Jiwe ni jiwe."

Sitawadanganya, wanangu. Kwa muda wa pumzi tatu au nne niliona kwamba inawezekana. Hakuna mtu mwingine katika ile familia aliyeweza kuusoma ule mwandiko. Nilimwona bibi bondeni, mkono wake juu ya birika la watu wengine, na maji ya kinu yakianguka, na furaha yake ikiwa kamili. Halafu nikamwona yule mwingine, wa mlimani, mwenye jina lililobebwa mara mbili, amesimama mlangoni pa kanisa lake akisubiri mgeni ambaye amepita njia ya chini.

Wanjiru alikuwa amerudi kwenye sinki. Akasema bila kugeuka, "Lakini mimi, siku nitaenda kwa kaburi ya guka, nisipelekwe kwa guka wa wenyewe."

"Ndiyo hivyo," nikasema.

"Basi yalla, Mwalimu. Bosi ameamka, nasikia viatu."

Mista Wendell aliteremka akiwa na karoti mkononi. Nilisimama. Nimejifunza kwamba kosa husemwa mtu akiwa amesimama, na husemwa kwanza, kabla ya sababu zake. Nikamwambia, "Kijiji nilichokupa si chenyewe. Nilikosea. Chenyewe ni cha mlimani, na ushahidi ni huu." Madam alikuja na mkasi wake. Niliwaonyesha kurasa tatu, moja moja, nikiweka kidole chini ya kila neno. Mista Wendell alisoma umri wa yule mzee wa kinu mara mbili.

"Kwa hiyo tumetoka kwa mchunga ng'ombe," madam akasema.

"Kwa mchunga ng'ombe wa kijiji kizima," nikasema. "Ng'ombe wake mwenyewe hakuwa nao."

Mista Wendell akaanza kucheka polepole, kisha akaacha. "Safari hii una uhakika?"

"Safari hii hakuna *labda* kwenye daftari."

Akatazama vikombe. Sote tukavitazama. Vilikuwa vimepangwa juu ya taulo, vinameremeta, vinu arobaini na viwili vya buluu.

"Hivyo ni vyangu," nikasema.

Alikataa. Nikamwambia kwamba mwalimu wangu alinifundisha nisitupe nilichokosea, na sitaki kosa langu lilipwe na mtu mwingine. Mista Wendell alikuwa mtu wa vipimo. Aliniangalia, akaelewa kwamba sisemi kwa adabu tu. Akakubali bei yake ikatwe kwenye mshahara wangu, miezi mitatu.

Usiku ule alimpigia simu mama yake. Siku kumi na tano baadaye alinitumia picha. Kanisa la mlimani ni dogo, chokaa imebanduka. Birika ni la jiwe la kijivu, limeliwa ukingoni na mikono ya watu. Juu yake kuna mkono mmoja wenye mishipa mingi, pete moja, vidole vimefunguka kabisa kama mtu anayempapasa ng'ombe. Uso wa bibi haukupigwa. Nilifurahi kwamba haukupigwa.

Vikombe nilivipeleka Al-Mahjar kwa teksi. Wanjiru alichukua viwili, kimoja chake na kimoja cha Kamau. Vingine niligawa jengo zima. Kwa mwaka mzima fundi wa majokofu, Wasudani wa ghorofa ya pili, Wabangladeshi wa paa na mlinzi wa mlangoni walikunywa chai kutoka kwenye kinu cha mtu asiyekuwa ndugu wa yeyote duniani tunayemjua. Nilikuwa nikipanda ngazi alfajiri, ukungu wa bahari umejaa kwenye korido, kila mlango una gurudumu la buluu lenye mvuke juu yake, nami nikidhani niko bondeni.

Kimoja kimebaki. Ndicho hiki kilicho mezani ninapoandika. Karibu na kikombe nimeweka mti wa ukoo wetu wenyewe, ambao niliuanza niliporudi. Juu ya jina langu nimeandika la kaka yangu, Rashidi, kwa wino, na siku alizoishi. Hakuna kilichoamka. Mjukuu wa dada yangu atazaliwa mvua za vuli, na wameniuliza kama jina lile liko huru. Nimewajibu watazame kurasa za mbele.

Mkiniuliza somo lile lilinigharimu kiasi gani, lipo kwenye daftari, ukurasa wa mwisho wa Jeddah. Vikombe arobaini na viwili, kila kimoja riyali thelathini. Jumla: riyali elfu moja mia mbili na sitini.